Chinsaga ya Upande wa Kulia

Sironga, Nyamira
Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Jethro,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku nyumbani, ambako mvua imekataa kwenda zake na matope yamefika mlangoni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na joto la huko Doha limepunguza ukali. Ukitaka kujua hali zetu, sisi hapa hatujambo. Nimeandika neno hilo kwa sababu barua haianzi bila hilo, lakini usiliamini sana mpaka ufike mwisho. Wewe unatujua. Kwetu mtu akiulizwa hali atajibu mbuya mono, mzima kabisa, hata paa likiwa linawaka juu ya kichwa chake.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kaka, simu ya nyumbani ni kama baraza la chifu. Ukipiga, Baba anafungua spika, Mama anasogeza kigoda, na jirani anayepita barabarani anaitwa aje akusalimu. Ninayotaka kukuambia hayasemeki mbele ya baraza. Kwa hiyo Ondieki alipokuja kuaga kwamba likizo yake imekwisha na anarudi huko Doha, nilimwomba anisubiri kidogo nikanunue karatasi. Amekubali kukuletea barua hii pamoja na kifurushi cha chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, niliyoikausha mwenyewe juani, siku zile chache jua lilipotukumbuka. Tafadhali usiipike kabla hujamaliza kusoma.

Na kabla sijaanza, nisije nikakupandisha presha: Mama yuko hai. Yuko jikoni, namsikia akimtukana mbuzi aliyekula sabuni. Sasa usiruke mistari.

Unakumbuka mwanzoni mwa mwaka tulikuambia Mama amefanyiwa upasuaji wa kifua na anaendelea vizuri. Tulisema kifua kwa sababu Baba alikuwa ameshika simu, na wewe unajua chinsoni, ile heshima inayomzuia baba asitaje mwili wa mama mbele ya watoto wake. Ukweli ni kwamba alikatwa titi zima, la kushoto, kwa sababu ya saratani. Upasuaji ulikwenda salama. Daktari kule hospitali ya mjini Kisii akasema ili ugonjwa usirudi, Mama apewe dozi sita za kemo, ile dawa kali ya kutundikiwa mshipani, moja kila baada ya wiki tatu. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema twende. Kila siku ya dozi utamkuta amevaa koti lake la kanisani kabla jogoo hajawika, amesimama mlangoni na mwavuli, akimhimiza Mama kana kwamba wanachelewa arusi. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Baada ya dozi ya kwanza, Ijumaa moja Mama alifungua kitambaa aoshe kichwa ajiandae kwa Sabato, na nywele zikabaki kwenye kitambaa. Aliziokota zote, hata zilizoanguka majivuni, akazitupa chooni asije mtu mbaya akazipata. Mimi nilikuwa nimekuja kumsalimu, nikamkuta ameketi nyuma ya jiko, kichwa kimebaki vishungi vishungi kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Nilimwambia dawa ndiyo inafanya hivyo, zitaota tena. Akasema anajua. Akajifunga kitambaa kingine, akaniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo tulipokosea sote, Jethro. Tulidhani analilia urembo. Tukamnunulia vitambaa vipya, maua maua. Kumbe kitambaa Mama amevaa tangu atuzae. Majirani hawakuona kitu. Aliyekiona kile kipara ni yeye mwenyewe. Na kwetu kichwa kilichonyolewa cha mwanamke mwenye mume kinasema neno moja tu, kwamba mumewe amekufa. Utaniambia sisi Waadventista tuliacha mambo hayo. Tuliyaacha mdomoni. Mama alijiona amefiwa na mtu ambaye bado anakunywa chai mezani kwake, na akaamini kwamba kile kichwa chake kinamwita Baba kaburini.

Hakumwambia mtu. Alianza kukesha. Baba akikohoa, anawasha taa. Baba akilala kimya, anamwekea mkono kifuani kuona kama anapumua. Mchana anachungulia mlangoni kila saa kuhakikisha yule mzee aliyeko kwenye shamba la chai ni mzee aliye wima. Chakula kikamshinda. Tukasema ni dawa. Kila kitu tulisema ni dawa.

Kule hospitalini kuna muuguzi anaitwa Sista Purity, msichana wa Nyamache, mwenye maneno machache na macho mengi. Kabla mgonjwa hajatundikiwa dawa, humuuliza mzigo wa moyo wake una uzito gani, aonyeshe kwa vidole. Ngumi ni kusema hakuna kitu, vidole vyote kumi ni kusema umelemewa kabisa. Wengine hunyoosha vinne, wengine saba, halafu Sista hukaa nao wakazungumza. Mama alikunja ngumi. Sista akauliza tena kwa Ekegusii, polepole. Mama akakaza ngumi mpaka vifundo vikawa vyeupe, akasema mbuya mono. Baadaye nilipomgombeza, alinijibu kwamba mke wa mzee wa kanisa akinyoosha vidole, atakuwa amemshtaki Mungu mbele ya watoto wadogo kama huyo Sista.

Sasa nifike kwenye upumbavu wangu. Unajua mimi sikosi dawa ya matatizo ya watu. Niliona kwenye simu binti mmoja wa mbali amenyoa kichwa ili mama yake mgonjwa asijisikie mpweke, wamekumbatiana, wanalia kwa furaha, muziki unapiga. Nikasema hiyo ndiyo! Nikaenda kwa kinyozi pale sokoni Marani. Yule kijana aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara ya pili akanipa pole. Sikuelewa ile pole. Nilipofika nyumbani, Alfayo alinitazama tangu getini mpaka mlangoni, akaniuliza yeye mume wangu amekufa lini, maana ameshinda akipakia ndizi za watu na hakuna aliyemletea taarifa. Shemeji yako anajua kutania, lakini siku hiyo hakuwa anatania. Usiku alilala ameupa mgongo ukuta, ananiangalia.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Kesho yake nikaja Sironga kumfurahisha Mama. Nilivua kitambaa mlangoni, nikitabasamu. Mama alipiga ukemi, Jethro, ule ukemi wenyewe wa msiba, majirani wakaacha majembe. Aliuliza ni Alfayo au ni Baba. Nilipomwambia hakuna aliyekufa, ni yeye nimemfanyia, akaketi chini kabisa na kusema kwamba basi nimeanza kumlilia angali hai. Wema wangu uliniponza. Wanawake waliokuja mbio na leso viunoni walirudi makwao wakicheka, na nadhani wanacheka hadi leo.

Ilipofika siku ya dozi ya tatu, Mama alisema tumbo linamwendesha. Wiki iliyofuata akasema amekwisha kwenda na mke wa mchungaji, na daktari ameridhika, zimetosha. Tukamwamini kwa sababu tulitaka kumwamini. Baba peke yake ndiye aliyeendelea kusimama na mwavuli, akiuliza kama kweli zimetosha, na Mama akimwambia anyamaze. Sista Purity ndiye aliyenipigia simu, akauliza kwa nini mgonjwa wake amepotea. Nikamwaga uji wa watoto.

Nilimkabili Mama kule jikoni, mlango umefungwa. Nilimwambia mficha maradhi kilio humuumbua. Akanijibu kwamba kilio ndicho hasa anachokikimbia. Ndipo akafunguka. Alisema kila dozi inamaliza vinywele vinavyojaribu kuota, na kila kipara kinamsogeza Baba kaburini, na kwamba afadhali aende yeye na saratani yake kuliko kumwua mume wake kwa kichwa. Alisema hivyo kwa utulivu, anachambua mboga. Nililia, kaka. Nililia kwa hasira, maana sikujua nimgombeze nani.

Nikamrudia Sista Purity peke yangu, nimwombe amwambie Mama ni ujinga. Hakukubali neno hilo. Nilimweleza pia kwamba huku kijijini wameanza kusema Mama alijiletea saratani kwa kuwaza sana. Akakunja uso. Alisema mawazo hayakumletea, na asiwepo mtu wa kumtwika lawama hiyo, wala furaha peke yake haitamponya. Lakini akanieleza kwamba wamewaona wengi: mtu akilemewa moyo na asipate wa kumsaidia, halali usingizi, hali chakula, mwili unaishiwa nguvu, damu inapungua mpaka dozi inaahirishwa, halafu anaacha kuja, na ile dawa inakosa nafasi ya kufanya kazi yake. Moyo nao unatibiwa, akasema, kama kidonda kingine chochote. Akaniambia nisimwondolee Mama hofu yake kwa kumcheka, ila nitafute mtu ambaye neno lake linaweza kuifikia hofu yenyewe.

Nilimfikiria mchungaji. Nilimfikiria Shangazi Nyanchoka. Mwishowe nikamwambia Baba, kule kwenye chai, kila mmoja na kapu lake mgongoni, nikiongea nikitazama majani ili chinsoni isivunjike sana. Alinisikiliza mpaka mwisho wa mstari. Akasema amesikia. Akaendelea kuchuma.

Siku chache baadaye tuliitwa sote nyumbani. Shangazi alikuja kutoka Nyamache na wembe mpya. Baba alikuwa amechinja jogoo wawili, na viti vimepangwa uani kama vya matanga. Akasimama na lile koti lake. Akasema katika boma hili kuna kifo kimetokea na hakikuliliwa. Sote tukashika roho. Akasema titi la mama yenu limekufa. Alilitaja hivyo hivyo, Jethro, kwa jina lake, mbele ya mabinti zake na mkwe wake. Shangazi alijifunika mdomo. Alfayo alitoka mbio akaenda kusimama nyuma ya zizi, na alibaki huko akitazama ng'ombe mpaka chakula kilipoiva.

Baba hakukoma. Alisema lile titi liliwanyonyesha watoto watano, likachukuliwa mjini, na hakuna ajuaye lilikozikwa. Mwanamke aliyefiwa hivyo atakosaje kunyolewa? Akamgeukia Mama, akamwambia kwamba kichwa chake kinasema kweli, kuna marehemu, ila marehemu si yeye, Omosa mumewe. Marehemu ametajwa leo mbele ya watu, na nywele zinazoanguka ni zake huyo, wala hazina neno na mtu mwingine. Kisha akamwomba dada yake afanye kazi aliyoijia.

Shangazi alimfungua Mama kitambaa na kuvinyoa vile vishungi vilivyobaki. Mama alilia. Hakulia kama mgonjwa, alilia matanga yenyewe, akisimulia, akimtaja kila mtoto aliyemnyonyesha na namna alivyokuwa akiuma. Wewe ulitajwa kwa meno. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akipita alisimama kuuliza msiba ni wa nani, Baba akamwambia aingie ale kwanza. Jioni hiyo Mama alikula sahani mbili. Akalala mpaka jua likamkuta kitandani, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu nizaliwe.

Tulirudi hospitalini. Daktari alikunja uso kwa wiki zilizopotea, akampima upya, akasema bado hatujachelewa. Sista Purity akauliza vidole. Mama akatazama huku na huku, akanyoosha vinane. Nilikuwa sijawahi kufurahia habari mbaya kama siku ile. Sista akamkalisha pembeni, wakazungumza muda mrefu, na wakaendelea hivyo kila dozi. Vinane vikawa sita, vikarudi saba alipotapika sana, vikawa vinne. Damu ikapanda. Dozi zote sita zimekwisha, kaka. Juzi daktari ametazama picha na vipimo, akasema haoni ugonjwa uliobaki. Atameza kidonge kila siku kwa miaka, na atakuwa akienda kuangaliwa, na hakuna anayeapa kuhusu kesho. Lakini leo amepona kiasi cha kumtukana mbuzi.

Hayo ningeweza hata kukuambia kwa spika. Lililonifanya ninunue karatasi ni hili.

Utakumbuka ile migomba iliyokuwa upande wa kulia wa nyumba, ile ya ndizi tamu uliyokuwa ukiiba. Baba aliifyeka yote mwezi ule ule Mama alipoanza kunyonyoka nywele. Tulipomuuliza, alisema imezeeka. Akasawazisha udongo, akaondoa mawe. Nikadhani anataka kupanda sukumawiki. Siku ya dozi ya mwisho, Sista Purity alimgeukia Baba pale benchini, akamuuliza yeye vidole vyake ni vingapi, maana hajawahi kumuuliza. Baba aliingiza mikono mifukoni mwa koti, akacheka, akasema wagonjwa ni wengi, asipoteze muda na mzee mzima.

Kesho yake tulikuwa tunachuma. Akaweka kapu chini. Akatoa mikono yote miwili, akaninyooshea vidole vyote kumi.

Nilidhani anaonyesha malengelenge. Ndipo akaniambia. Alisema yale maneno ya matanga yalimtosha mama yenu, lakini yeye hayakumtosha. Alisema tangu nywele za kwanza zianguke aliamini, kuliko Mama alivyoamini, kwamba zinamwita yeye. Bibi yake alimfundisha hivyo akiwa mdogo, na ubatizo haukuyafuta mafundisho hayo. Kila alfajiri aliposimama mlangoni na mwavuli akimhimiza mkewe akachukue dozi, alikuwa anaamini anamhimiza akamalize siku za mumewe. Alisema alishakaa chini na Mungu wake, akamwambia kama ni lazima mmoja aende, basi aende yeye, maana Mama ndiye watoto wanamhitaji. Kwa hiyo alivaa lile koti zuri, ili siku ikimkuta njiani, imkute amevaa vizuri. Na pale kwenye migomba, upande wa kulia, ambako wanaume wa kwetu huzikwa, alikuwa amejiandalia mahali, asije akatusumbua.

Nilimshika ile mikono. Sijui kama chinsoni inaruhusu, nilimshika. Akaniambia nisimwambie Mama, kwa sababu atafikiri kupona kwake kulibebwa mgongoni mwa mumewe. Sijamwambia. Lakini nilimpeleka kwa Sista Purity, akakaa naye mara ya kwanza, na ya pili alikwenda mwenyewe bila kusukumwa. Nywele za Mama zimeanza kurudi, laini, za kijivu, kama za mtoto mchanga. Baba hupita nyuma yake akazitazama anapodhani haonekani. Juma lililopita alininyooshea vitatu.

Kuhusu pale mahali: Mama, ambaye hajui lolote, alipopata nguvu aliuona udongo uliolainishwa vizuri, usio na hata jiwe, akamsifu mumewe kwa kumtayarishia bustani. Akapanda chinsaga. Baba alisimama kwenye baraza akamtazama akimwaga mbegu, hakumzuia. Imemea, Jethro, sijawahi kuona chinsaga yenye majani kama ile. Tunaila kila siku. Baba huomba aongezwe. Hiyo aliyokuletea Ondieki imechumwa hapo.

Nikimalizia, Alfayo anakusalimu na kusema bado yuko hai. Shangazi Nyanchoka anakusalimu, na watoto wote wanauliza utakuja lini. Msalimie kila anayetujua huko.

Na jambo la mwisho. Ondieki tulipomuuliza habari zako, alijibu haraka mno kwamba uko salama kabisa. Mimi siku hizi ni mjuzi wa majibu ya haraka. Kwa hiyo ukipiga simu ya video, mwache Baba afungue spika, mwache Mama asogeze kigoda, na sisi tutakuuliza hali, nawe utasema mbuya mono kama kawaida. Halafu, kaka, inua mkono mbele ya kamera kana kwamba unajikuna, unionyeshe vidole. Usinikunjie ngumi.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye leo hii, nikikuandikia, nimenyoosha viwili tu,

Bosibori